Wimbo ukishatoka, habari yake imeshachacha

Ujumbe huwa ni ule ule: "Ngoma mpya iko hewani, gusa linki, naomba sapoti." Unatumwa usiku wa wimbo kutoka, unakwenda kwa dijei wa redio ya Iringa, kwa mwandishi wa gazeti aliyeko Mbeya, kwenye kundi la waliosoma pamoja na kwa mjomba wa Makambako. Mjomba atagusa. Mwandishi hatagusa, na wala si kwa roho mbaya au kwa kungoja chochote. Ujumbe umemkuta wakati hana tena la kuufanyia.

Kwa wanamuziki wanaotunga na kuimba wenyewe bila lebo, na huku Nyanda za Juu Kusini wako wengi, kuanzia vijana wa gitaa wa Kihesa hadi waimbaji wa injili wa Mwanjelwa, hili ndilo jambo linaloeleweka kwa tabu kuliko yote. Wanahangaika kutafuta namba ya mwandishi wakidhani kinachokosekana ni namba, kumbe ni muda. Kuandikwa ni kazi ambayo karibu yote hufanyika kabla wimbo haujatoka. Anayeianza siku ya kutoka amechelewa mwezi mzima.

Kaa kidogo upande wa pili wa meza. Gazeti linatafuta jambo ambalo jana halikuwepo. Wimbo utakaotoka Ijumaa ijayo ni jambo. Wimbo uliotoka Ijumaa iliyopita, uliokwisha kupanda YouTube, Boomplay na Audiomack na kuzungushwa WhatsApp, ni mmoja kati ya maelfu. Mhariri akiuliza "kwa nini leo?", mwandishi wako hana jibu, na habari inaishia hapo.

Majukwaa ya kusikiliza muziki nayo yanauliza swali hilo hilo, tena bila huruma. Spotify, iliyofika Tanzania mwaka 2021, inamruhusu msanii kuwapendekezea wahariri wake wimbo mmoja ili ufikiriwe kwenye orodha zao. Lakini wimbo huo lazima uwe haujatoka. Ukishatoka, mlango umefungwa, hata ukiwa mzuri namna gani. Na ukitaka uwafikie wafuasi wako kwenye orodha yao ya nyimbo mpya za wiki, pendekezo liwe limefika angalau siku 7 kabla. Maelezo yenyewe hayazidi herufi 500, pamoja na nafasi. Wimbo hupitia kwanza kwa msambazaji wa kidijitali kama DistroKid au TuneCore, naye anahitaji siku zake. Ndiyo maana wazoefu wanakabidhi faili wiki 3 au 4 mapema.

Kwa nini Ijumaa? Tangu tarehe 10 Julai 2015, kwa makubaliano ya kampuni za muziki duniani, nyimbo mpya hutoka siku hiyo kila mahali. Kabla ya hapo Marekani walikuwa wakitoa Jumanne na Uingereza Jumatatu. Wewe hulazimiki kuwafuata. Msanii wa Njombe anayetoa wimbo Jumanne hashindani na majina makubwa ya Dar es Salaam kwenye kipindi cha siku hiyo, na kwa anayetegemea redio za mkoa mimi naona Jumanne ni siku nzuri kuliko Ijumaa.

Redio ina watu wawili, na kila mmoja anataka kitu chake

Huku kwetu redio bado ndiyo mfalme. Ebony FM ya Iringa, Bomba FM ya Mbeya, Uplands FM ya Njombe na Chai FM ya kule Rungwe zinasikika kwenye bajaji, saluni na mashamba ambako hakuna anayesoma ukurasa wa burudani. Ila msanii anapoingia pale getini akasema "nimeleta wimbo", anakuwa amechanganya kazi za watu wawili. Yupo anayeingiza nyimbo kwenye kompyuta ya studio, dijei au msimamizi wa muziki. Yupo pia mtangazaji wa kipindi, anayetafuta wageni wa kuzungumza nao. Wa kwanza anataka faili safi. Wa pili anataka mazungumzo ya dakika 15 yasiyochosha.

Tuanze na faili, maana hapo ndipo nyimbo nyingi hufia. Simu ikipokea sauti kwa WhatsApp mara nyingi huihifadhi kwa jina la aina hii: AUD-20240512-WA0007. Fikiria dijei aliyepokea nyimbo kumi wiki hiyo, zote zikiwa na majina ya namna hiyo. Akihamishia kwenye kompyuta ya studio anaona safu ya tarakimu, hajui wako ni upi, na saa moja jioni kipindi kinaanza. Atapiga wimbo anaoujua. Dawa yake haina gharama: tuma kama dokumenti, au weka kwenye Google Drive na utume linki, na kabla ya hapo hakikisha jina la faili lina jina lako na jina la wimbo. Mwambie prodyuza ajaze pia taarifa za ndani ya faili, yaani mwimbaji, mtunzi na mwaka, zile zinazojitokeza kwenye skrini wimbo unapopigwa. Mp3 ya kbps 320, yaani ya ubora wa juu, inatosha redioni. Iwe wimbo mzima, usio na sauti ya prodyuza akijitaja kila baada ya beti mbili.

Kama wimbo una neno la mtaani lenye ukakasi, andaa na toleo safi. Mwaka 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizuia nyimbo kadhaa za wasanii wakubwa zisipigwe redioni na kwenye televisheni, na tangu hapo hakuna msimamizi wa muziki anayependa kubahatisha na msanii asiyemjua. Usajili wa BASATA, baraza la sanaa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, nao uwe umekamilika, maana kuna vituo vinavyouliza.

Mtangazaji, kwa upande wake, anahitaji kitu cha kuuliza. Redio zetu zinatangaza kwa Kiswahili, na wimbo wa Kihehe au Kinyakyusa ukipigwa bila maelezo utapita kama upepo kwa msikilizaji asiyejua lugha hiyo. Lakini mpe mtangazaji karatasi moja yenye maana ya kiitikio kwa Kiswahili, unaimbwa wakati gani na nani alikufundisha, na utaona anavyochangamka. Kiitikio cha mistari minne kinaweza kuzaa nusu saa ya simu za wasikilizaji wanaobishana kwamba kwao Mufindi kinaimbwa vingine.

Gazetini, mshindani wako ni Kitonga

Mwandishi wa mkoani mara nyingi ni mwandishi wa kujitegemea kama wewe ulivyo mwanamuziki wa kujitegemea. Wengi wao wanalipwa kwa habari iliyochapishwa. Ile iliyoandikwa ikatupwa hailipi. Asubuhi hiyo ana ajali ya lori mlima Kitonga, ana bei ya viazi, ana kesi mahakamani na ana ziara ya kiongozi. Kila moja ina nafasi nzuri ya kutoka kesho. Halafu una wimbo wako. Ukiielewa hesabu hiyo hutamlaumu. Utamsaidia.

Kumsaidia ni kumpa habari, na wimbo peke yake kwa kawaida si habari. Kinachoandikika ni kile kilichouzunguka. Angalia aya hii, ambayo yeyote aliyewahi kukaa chumba cha habari ameisoma mara nyingi:

"Msanii anayekuja kwa kasi kutoka jijini Mbeya, mwenye kipaji cha aina yake, ameachia ngoma kali inayotarajiwa kutikisa Afrika Mashariki."

Hakuna kitu hapo. Toa neno Mbeya uweke Mtwara, aya inabaki ile ile. Sasa tuseme mwanamuziki wetu wa mfano ameandika hivi:

"Binti wa miaka 24 aliyekuwa mchuma chai Rungwe atatoa albamu ya nyimbo 7 Ijumaa ijayo. Nyimbo zote alizitunga shambani, na mbili ziko kwa Kinyakyusa, lugha aliyofundishwa kuimba na bibi yake. Amerekodi gitaa na sauti tu, usiku, kwenye darasa la shule aliyosoma, kwa kuwa mchana wanafunzi wanapiga kelele."

Aya ya pili inaweza kuhakikiwa. Mwandishi anaweza kwenda kwenye hilo darasa, kumpiga picha bibi, kumuuliza mwalimu mkuu. Msomaji wa Tanga asiyemjua msanii naye ataendelea kusoma, angalau ajue kuhusu zile kelele. Sifa za "kali" na "kipaji" mwachie msikilizaji aziseme mwenyewe akiona inafaa.

Taarifa yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Juu kabisa: nani, anatoa nini, lini, wapi. Kisha aya mbili za kisa, kauli moja ya msanii inayosikika kama mtu anaongea, na chini namba ya simu inayopokelewa. Kuhusu picha, magazeti mengi hushindwa kuweka picha ya msanii wa mkoani kwa sababu aliyoituma imebanwa na WhatsApp hadi ikawa ukungu. Tuma mbili kama dokumenti, moja ya kulala na moja ya kusimama, pamoja na jina la mpiga picha. Jina lako la kisanii liandike kwa tahajia moja kila mahali. Mtu anayejiita kwa "k" gazetini na kwa "c" kule Boomplay anajificha kwa hiari yake.

Kwaya zetu zimelijua jambo moja kitambo ambalo wenye magitaa bado hawajalijua: mgeni rasmi. Kwaya ya usharika ikizindua albamu, inamwalika mkuu wa wilaya au mbunge, na waandishi wanakuja kwa sababu anakuja. Ni mbinu halali na inafanya kazi. Ila ina bei. Kesho yake kichwa cha habari kitakuwa "DC awataka vijana kuchangamkia mikopo", na jina la albamu utalikuta aya ya sita, kama halikukatwa. Kwa hiyo ukitumia njia hiyo, kaa na mwandishi kabla ya sherehe, mpe kisa chako mapema, na mwombe aandike mbili: moja ya mgeni, moja yako. Kuna waandishi watakaofurahi, maana ni habari mbili kwa nauli moja.

Chagua na wiki. Mwanzoni mwa Agosti waandishi wa Mbeya wako viwanja vya John Mwakangale kwenye Nane Nane hadi tarehe 8. Kutoa wimbo wiki hiyo bila kupanda jukwaa la pale ni kujificha. Kipindi cha bajeti na cha uchaguzi ni vivyo hivyo.

Kurasa za kupakua na suala la kuaminiana

Vyumba vya habari vya nje vina desturi ya kutumiwa wimbo mapema kwa sharti kwamba habari isitoke kabla ya tarehe fulani. Desturi hiyo inaheshimiwa na wahariri wa magazeti makubwa hata hapa. Kwa kurasa za mtandaoni hali ni mchanganyiko. Ziko blogu na televisheni za mtandaoni zinazofanya kazi kwa adabu, zenye leseni ambayo TCRA inazitaka kuwa nayo tangu kanuni za mwaka 2018. Na ziko zile ambazo kazi yake ni "pakua hapa": zinachukua faili lako, zinaliweka wazi, zinaandika mistari miwili yenye makosa, na zinavuna matangazo. Wasanii wengi wanaziita promo. Mimi naona ni duka linalogawa mali yako bure huku likikuuzia ukuta wa kubandika tangazo. Wimbo ukiwa pale, anayeupakua hahesabiki Spotify wala Boomplay, na wewe huna taarifa yoyote ya nani anakusikiliza.

Kwa hiyo faili kamili mpe mtu mmoja mmoja unayemwamini. Wengine watumie linki ya faragha isiyopakulika na taarifa ya maandishi. Ukiweza, mpe mmoja haki ya kuwa wa kwanza: gazeti moja lipate mahojiano, au redio moja ipige wimbo siku moja kabla ya wengine. Usiwape wawili ahadi hiyo hiyo. Mbeya na Iringa ni miji midogo, na waandishi wanakunywa chai pamoja.

Bahasha

Hili haliwezi kurukwa. Msanii yeyote atakuambia kuna mahali aliambiwa "bila nauli haiwezekani". Hapa mambo manne yamefungwa kwenye neno moja, na yafaa yafunguliwe. Kulipia tangazo kwa risiti, kwenye ofisi ya matangazo, likatangazwa kama tangazo, ni biashara. Kumpa usafiri mwandishi uliyemwita Matamba kwenye onyesho lako ni jambo la ubishi: vyombo vingine vinakataza, vingine vinafumba macho. Kumlipa mtu ili wimbo upigwe au uandikwe kana kwamba ameuchagua mwenyewe ni rushwa, kokote duniani. Marekani ilitunga sheria dhidi yake mwaka 1960, baada ya kashfa iliyomwangusha dijei maarufu Alan Freed. Na ya nne ni huduma kama SubmitHub, ambako unalipa kiasi kidogo ili mwenye blogu au orodha asikilize na kukujibu. Unachonunua pale ni masikio yake kwa muda mfupi. Uamuzi unabaki kuwa wake, na mara nyingi ni hapana.

Mbali na uadilifu, bahasha ina kasoro ya kibiashara. Habari iliyonunuliwa haina kisa, kwa kuwa hakuna aliyelazimika kukitafuta. Msomaji anainusa. Na mwezi ujao itabidi ulipe tena, kwa bei ya juu, kwa kuwa ameshajua unatoa.

Kiki je? Ugomvi wa kutunga au mahusiano ya uongo huuza kweli, na kwa msanii wa klabu huenda inalipa. Kwa anayeishi kwa mashairi yake naona ni hasara. Watu watakumbuka ugomvi, na siku ukija na wimbo wa msiba watacheka.

Ukiandikwa, unapata nini hasa?

Matarajio mengi ni makubwa kuliko ukweli. Ukurasa mzuri gazetini hauleti wasikilizaji wengi siku hiyo. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12, na makala moja peke yake mara nyingi haikuvushi hapo. Anayeandikwa ili apate namba atakata tamaa upesi.

Faida yake iko mahali pengine. Waandaaji wa tamasha kama Sauti za Busara kule Zanzibar, wanaothamini muziki wa kupigwa moja kwa moja, wakipokea maombi ya mtu wasiyemjua wanatafuta jina lake mtandaoni. Wafadhili wa sanaa hufanya hivyo hivyo. Wikipedia haikubali ukurasa wa msanii bila vyanzo huru vilivyoandika juu yake, na chapisho lako mwenyewe la Instagram halihesabiki. Hata mwandishi wa pili, yule wa Dar es Salaam aliye zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, anaanza kwa kusoma alichoandika yule wa kwanza wa Mbeya. Wengi wetu tulimfahamu Rayvanny, mzaliwa wa Mbeya, akiwa tayari chini ya lebo ya Wasafi, na tuzo yake ya BET ya mwaka 2017 ilimkuta huko. Njia ya lebo kubwa ya Dar inajulikana. Asiyeipitia anahitaji watu wengine wa kumshuhudia, na ushahidi huo unakusanywa kipande kwa kipande.

Magazeti ya nje yanawavutia wengi, lakini huko nako kumebana. NME ya Uingereza iliacha kuchapishwa kwenye karatasi kila wiki mwaka 2018, na Pitchfork, jarida la muziki la mtandaoni, iliunganishwa na GQ, jarida la wanaume, mwaka 2024. Barua pepe 200 kwa anwani za jumla ni kupoteza bando. Afadhali tano kwa wanaoandika muziki wa aina yako, kwa mfano Songlines la London au Music In Africa, zikiwa na tafsiri ya mashairi na sababu kwa nini umemwandikia yeye.

Kwa kuwa kinachotafutwa ni ushahidi, utunzaji wake ni nusu ya kazi, na hapa ndipo redio za mikoani zinapotuangusha. Mahojiano mazuri ya saa nzima yanapita hewani na hayaachi chochote mtandaoni. Mwombe rafiki arekodi nyumbani kwa simu iliyokaa karibu na redio, kama akiba. Ukurasa wa gazeti upige picha ukiwa mzima, jina la gazeti na tarehe vikionekana juu, si ile aya yako peke yake. Na ukienda studio, nenda na flashi mfukoni, umwombe fundi wa mitambo akunakilie kipindi chako siku hiyo hiyo, kabla hujatoka getini.